Diplome ao Karatasi ya Huruma?



Katika nambari hii tunataka kusema juu ya jambo moja lenye wengi kati yetu hawajaliwazia bado: mwanafunzi mwenye kilema akimaliza sekondari, apewe karatasi gani? Tunasema juu ya kipofu, kiziwi, mwenye mikono isiyofanya kazi, na vilevile yule mwenye macho mazima lakini herufi zinamuchanganyikia kila mara anapofungua kitabu, ao yule mwenye akili yake inachelewa kushika. Je, adaiwe mambo yale yale yenye wengine wanadaiwa? Ao apewe karatasi ingine, nyepesi, ili asirudi nyumbani mikono mitupu?

Tumechagua mufano wa Marekani. Mutu asiseme: «Marekani inatuhusu nini?» Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, kule wanabishana juu ya jambo hili tangu miaka zaidi ya 40, mbele ya waamuzi na mbele ya wenye kupiga kura, na katika mabishano yao tunaweza kuona wazi fasi njia inapotea. Ya pili, ndugu zetu wako kule. Tangu miaka ya 2010 Wakongo wako kati ya wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na wengi wao ni watu wa Kivu wenye kusema Kiswahili kama sisi. Watoto wao wanakaa kwenye benchi za shule zile.

GINSI MAMBO YANAVYOKWENDA KULE

Kule hakuna Examen d'État ya inchi nzima kama hapa kwetu. Kila jimbo linaweka sheria zake juu ya diplome ya sekondari. Mwanafunzi anakusanya kredi: somo moja akilisoma mwaka muzima na kulishinda, anapata kredi moja. Jimbo la New York linadai kredi 22, Florida inadai 24. Majimbo mengine yaliongeza mutihani wa mwisho. Usipoushinda, hata ukiwa na kredi zote, hakuna diplome.

Kwa watoto wenye kilema kuna sheria ya inchi nzima. Prezida Gerald Ford aliitia saini tarehe 29 Novemba 1975. Mbele ya hapo hali ilikuwa mbaya: sheria yenyewe iliandika kama watoto wenye kilema 1.000.000 walifungiwa kabisa nje ya shule za serkali. Tangu sheria ile, shule ya serkali inapashwa kumupokea kila mutoto mwenye kilema, bure, na kumufanyizia programu yake mwenyewe yenye kuandikwa: anajua nini, atafundishwa nini, atasaidiwa namna gani. Wazazi wanakaa katika mukutano wenye kupanga programu ile. Haki hiyo inaweza kuendelea mpaka kijana afike miaka 21. Lakini inakoma siku anapopata diplome ya kawaida. Tushike neno hili, tutalirudilia.

Tena tusiwaze kama hao ni watu wachache. Katika mwaka wa masomo 2022-2023 walikuwa karibu 7.500.000, ni kusema wanafunzi 15 hivi katika kila 100 wa shule za serkali. Kundi kubwa kati yao, karibu mumoja kwa kila watatu, ni wale wenye shida ya pekee katika kusoma, kuandika ao kuhesabu. Hao hawakosi akili. Wanakosa njia.

KARATASI MBILI

Kwa miaka mingi majimbo mengine yalifuata shauri lenye kuonekana kuwa la huruma: mwanafunzi asiyefikia kipimo apewe karatasi ya namna ingine. New York ilikuwa na moja yenye kuitwa «diplome ya IEP». Herufi hizo tatu ni jina la ile programu ya mutoto mwenyewe. Siku ya sherehe mwanafunzi alivaa kanzu ndefu, jina lake likaitwa, watu wakapiga makofi, akashika karatasi mukononi. Kisha akaenda kuomba nafasi iniversite: hapana. Akaenda kujiandikisha uaskari: hapana. Hata feza ambazo serkali ya inchi inasaidia nazo wanafunzi wa iniversite, kwa kawaida hazipewi mutu asiye na diplome ya kweli ao mutihani wenye kuhesabiwa sawa nayo. Jina la diplome lilikuwa kwenye karatasi, lakini diplome yenyewe haikuwamo.

New York iliona taabu hiyo. Kisha mwezi wa 6 wa mwaka 2013 haikutoa tena karatasi ile. Fasi yake waliweka zingine zisizoitwa diplome, zenye kuonyesha tu kazi na mambo ambayo mwanafunzi anaweza kufanya. Sisi tunaona walifanya vizuri. Karatasi ndogo yenye kusema kweli haimuzuru mutu kama karatasi kubwa yenye kumudanganya.

JAMBO LA MIGUEL LUNA PEREZ

Kuna kijana mumoja, Miguel Luna Perez, ambaye jambo lake lilifika mpaka kwenye Tribinali Kubwa ya Marekani. Ni kiziwi. Alitoka Mexico akiwa na miaka 9, akasoma katika shule za serkali za muji wa Sturgis, jimbo la Michigan, mpaka miaka 20. Katika mashtaka yake alisema kama watu waliowekwa kumusaidia hawakujua lugha ya ishara, ao walimuacha peke yake saa nyingi. Lakini pointi zake zilikuwa nzuri, na kila mwaka alipandishwa. Yeye na wazazi wake waliamini kama anaelekea diplome. Miezi michache mbele ya mwisho, wakaambiwa: hatapewa diplome.

Kwanza walipatana na shule, ikakubali kumupatia masomo mengine katika shule ya viziwi ya jimbo. Lakini aliomba vilevile alipwe feza kwa ajili ya miaka iliyopotea, na tribinali za chini zikamufungia mulango. Tarehe 21 Machi 2023 waamuzi wote 9 wa Tribinali Kubwa walisema kwa sauti moja kama anaruhusiwa kuendelea na mashtaka yake. Hawakusema bado nani ana kosa. Walisema tu asikilizwe.

Tunaomba wasomaji watazame vizuri jambo hili. Yeye hakulalamika juu ya kipimo kikubwa. Alilalamika juu ya pointi zilizokuwa nzuri bila yeye kufundishwa, juu ya kupandishwa kila mwaka, na juu ya watu kunyamaza. Na sisi hapa, nani kati yetu hajui «pointi za huruma»? Siku ya proklamasio zinafurahisha kila mutu: mutoto, muzazi, hata mwalimu. Siku ya kuomba kazi ndipo mutu anajua kama zilikuwa deni, na kumbe atalilipa yeye peke yake.

SAUTI MBILI

Wako wenye kusema: kipimo kiwe kimoja, usipokifikia, hakuna diplome. Diplome ikitolewa kwa kila mutu, wenye kuajiri hawataiamini tena, na wa kwanza kupotelea atakuwa yule mwenye kilema aliyeitokea jasho. Watu watamutazama na kusema: «Huyu alipewa tu.» Neno hilo lina uzito, tusilizarau.

Wengine wanajibu: mutihani haupimi akili tu, unapima vilevile macho, masikio, mukono na mbio. Ukimupa kipofu karatasi ya maulizo asiyoweza kuona, akapata sifuri, umepima historia ao umepima macho yake? Neno hilo nalo ni kweli.

Basi majimbo yakafuata njia nyingi. California iliacha mutihani wake wa mwisho kwa sheria ya mwaka 2015. Katika Massachusetts wenye kupiga kura waliuondoa katika Novemba 2024, kwa wanafunzi wote. Louisiana ilitoa sheria mwaka 2014 yenye kuruhusu wale wanaopanga programu ya mwanafunzi mwenye kilema waamue vilevile mambo atakayopashwa kuonyesha. Huko New York mwanafunzi mwenye kilema aliweza kupata diplome ya namna ingine, yenye kukubaliwa, kwa pointi 55 fasi wengine wanadaiwa 65.

MAFIKIRI YETU

Sisi tunaona kama watu wanachanganya mambo mawili: kubadilisha njia na kupunguza kipimo. Ukimwandikia kipofu maulizo kwa Braille, ukimuongezea saa moja yule mwenye kusoma polepole, ukimuweka mwandishi kando ya yule asiyeweza kushika kalamu, hujapunguza kitu. Hesabu ni ile ile, jibu ni lile lile. Lakini ukimupa maulizo ya primeri na kumwandikia «sekondari», hapo umepunguza kipimo, na wewe mwenyewe unajua. Kufuatana na hayo tunasema mambo manne.

1. Njia ije kwanza. Mbele ya kusema «huyu hawezi», shule ijiulize kama ilimupa njia. Kiziwi aliyekaa miaka mingi bila mutu wa kumuonyesha maneno kwa ishara, nani anaweza kupima akili yake? Hatujaijua bado. Tunawaza kama wengi kati ya wale 7.500.000 wangefika kwenye diplome ile ile kama njia ingefunguliwa mapema. Katika mwaka wa masomo 2019-2020, wanafunzi wa Marekani waliomaliza na diplome kwa wakati walikuwa karibu 87 kwa 100; kati ya wenye kilema walikuwa karibu 71 kwa 100. Ni wengi kuliko vile watu wanavyowaza. Lakini wale 29 waliobaki, hatukubali kama wote walishindwa juu ya akili.

2. Ukweli usemwe mapema. Neno hili si la jana. Katika muji wa Peoria, jimbo la Illinois, wanafunzi kadhaa wenye kilema walinyimwa diplome juu walishindwa mutihani mupya. Walijulishwa mwaka mumoja na nusu tu mbele, na mambo mengi ya mutihani hayakuwa katika programu zao hata kidogo. Mwaka 1983 tribinali ya rufani ilisema hivi: shule inaruhusiwa kudai mutihani, hata kwa mwenye kilema, lakini imujulishe mapema, ili programu yake imutayarishe. Hao hawakujulishwa mapema, basi mutihani ule usiwazuie diplome. Sisi tunaona uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa pande zote mbili. Haukuvunja kipimo, na haukuwavunja watoto.

3. Jina la karatasi liseme kweli. Tunajua wako vijana wenye akili yao haitafikia hesabu na lugha ya sekondari, hata ukiwapa waalimu kumi. Hao si watu wa kufichwa. Wapewe karatasi yenye kusema wazi: huyu anajua kulima bustani, huyu anajua kushona, huyu anajua kuhesabu feza dukani na kusafiri peke yake. Muzazi aielewe, mwenye kuajiri aielewe. Lakini isiandikwe jina la diplome juu yake, na isipewe mutu ambaye angeweza diplome ya kweli kama angesaidiwa. Hapo ndipo hatari iko: karatasi nyepesi iliyowekwa kwa ajili ya watu wachache inakuwa fasi ya kutupa kila mutoto mwenye kusumbua.

4. Mutu asiharakishwe kutoka. Tulisema kama kule haki ya kufundishwa inakoma siku ya diplome ya kawaida. Karatasi zile ndogo hazikomeshi haki hiyo. Kijana anaweza kurudi na kufundishwa mpaka miaka yake ifike. Wazazi wengi hawalijui neno hili. Wanaona sherehe, wanawaza mambo yamekwisha, kijana anabaki nyumbani na miaka yake 18, kumbe mulango ulikuwa wazi bado.

KWA NDUGU ZETU WALIO KULE

Wako wasomaji wetu wenye shangazi, mujomba ao dada katika Marekani. Mukiwaandikia ao mukisema nao kwenye simu, wapelekeeni maneno haya.

Sheria ya kule haikubali mutoto ahesabiwe mwenye kilema juu tu hajui Kiingereza. Mutoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ao Kyangwali, akinyamaza kalasini, pengine anatafuta maneno tu. Tena shule inapashwa kutafuta mutu wa kutafsiri katika mukutano wa programu, ili muzazi aelewe. Muzazi asitie saini karatasi asiyoielewa juu ya haya. Haya ni mabaya, lakini mutoto kupotelewa na miaka yake ni vibaya zaidi.

Na katika mukutano ule aulize maulizo matatu. Mutoto wangu anaelekea karatasi gani? Karatasi ile inafungua mulango gani? Ikiwa haifungui iniversite, ni nani aliamua, na lini? Maulizo hayo yaulizwe kijana akiwa na miaka 14, si akiwa na miaka 18. Sheria ya kule inadai kama kijana akifikia miaka 16 programu yake ionyeshe vilevile mambo atakayofanya kisha shule. Ni haki yake. Muzazi asiogope kuidai.

NA HAPA KWETU?

Hapa Kongo Examen d'État iko tangu mwaka 1967. Maulizo ni ya inchi nzima, na asilimia inaandikwa kwenye diplome. Hatuna karatasi ya pili kwa mwenye kilema, na hatuiombi. Lakini tuseme kweli: kwetu mara nyingi mutoto mwenye kilema hafiki mpaka kwenye mutihani. Anapotea njiani, pengine katika primeri, na hakuna anayeuliza.

Kwa upande wa sheria, inchi yetu haiko nyuma. Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za wenye kilema mwaka 2015. Marekani iliyatia saini mwaka 2009, lakini Seneti yao ilishindwa kuyakubali mwaka 2012. Na tarehe 3 Mei 2022 sisi tulipata sheria ya pekee ya kulinda wenye kilema. Basi karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mutu wa kuzitumikisha kalasini.

Ndiyo maana tunaomba kwa heshima. Bwana Prefe, wakati wa kuandikisha wafinalisti, shule iulize kila mumoja kama ana shida ya macho, ya masikio, ya mukono ao ya ulimi, ili inspekta ajulishwe mapema, si juma la mutihani wenyewe. Waalimu wetu, mutoto mwenye kusoma polepole mumuulize kwa mudomo mbele ya kumwandikia sifuri. Na sisi wanafunzi, tuache kucheka. Mwenye kigugumizi atasimama kama sisi mbele ya mupimaji kwa mutihani wa Kifransa wa kusema. Tukimucheka miaka sita, tumeisha kumukata pointi zake mbele ya serkali.

Zaidi sana neno hili linatuhusu sisi wa Pedagogi. Miaka michache ijayo tutasimama mbele ya watoto 50 ao 60 wa primeri, na kati yao atakuwako mumoja anayeweka kitabu karibu na pua, na mwengine asiyegeuka ukimwita. Hatutakuwa na Braille, hatutakuwa na mutu wa ishara. Lakini tutakuwa na benchi ya mbele, na kinywa cha kusoma maulizo kwa sauti, na jioni moja kwa juma ya kumutembelea muzazi wake na kumwambia ukweli. Mambo hayo hayangoji feza toka Kinshasa.

Tunajua wako wasomaji wasiopatana nasi. Wengine watasema tunadai mengi, wengine watasema tunadai machache. Waandike, gazeti ni letu sote. Tunangojea barua zenu kwa nambari inayokuja.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa 5 na wa 6 Pedagogi